WhatsApp haipigiki Dubai, X haifunguki Dar

Nikiwa Deira, hapa Dubai, nafungua X saa yoyote ninayotaka. Dada yangu yuko Mbagala, naye tangu Mei 2025 haimfungukii mpaka awashe VPN. Yeye akitaka kuongea na shoga yake kwa WhatsApp anabonyeza, simu inaita, wanapiga soga mpaka bando likate. Mimi nikibonyeza hapa inaita vizuri tu, mtu anapokea, kisha kimya. Tukiunganishwa mimi na yeye tunapata intaneti moja kamili. Tukitenganishwa, kila mmoja ana kipande ambacho mwenzake kakikosa.

Mganda ninayefanya naye kazi yuko vilevile. Facebook ilizimwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti ilizosema zina uhusiano na wizara ya habari ya kule. Uchaguzi ukapita, mitandao mingine ikarudi, Facebook ikabaki nje. Hapa Dubai jamaa anaiperuzi bila wasiwasi, mkewe Kampala anaipata kwa VPN. Ikifika jioni anapotaka kumwona mtoto wao kwa video, zamu ya kuhangaika inakuwa yake.

Nina miaka ya kutosha huku ya kuchoshwa na mabishano ya pande zote mbili. Wa nyumbani wananiambia: "Nyie mna maghorofa, lakini hata simu ya WhatsApp mpaka ruhusa." Wa huku wanajibu: "Afadhali sisi, nyie mnazimiwa nchi nzima." Mimi nina upande, na nitausema. Ila kwanza nieleze kitu chenyewe, maana naona hata wanaokitumia kila siku hawakijui vizuri.

Chukulia baba amekukataza kwenda duka fulani, na amekaa kibarazani anaangalia njia. Unamtuma mtoto wa jirani, ambaye yeye hajakatazwa. Baba anakuona unaongea na mtoto, basi. Mtoto anakwenda, ananunua, anakuletea. Seva ya proksi ndiyo huyo mtoto: ni kompyuta iliyoko Amsterdam au Tokyo, wewe unaiomba, yenyewe inaifungua tovuti na kukuletea. VPN inaongeza jambo moja, kwamba mazungumzo yote kati ya simu yako na ile seva yanafichwa kwa msimbo, kwa hiyo kampuni ya simu inajua una mawasiliano na seva fulani lakini haioni mnaongea nini.

Wengi wanaishia hapo. Hawaulizi kwamba mtoto naye anajua kila duka ulilomtuma, na kama wewe humpi kitu, nani anampa? Facebook iliwahi kuwa na VPN ya bure iitwayo Onavo Protect. Ilikuwa inakusanya habari za programu gani watu wanatumia kwenye simu zao, mpaka mwaka 2018 ikaondolewa kwenye duka la Apple. Kabla ya hapo, mwaka 2015, ilibainika kwamba watumiaji wa bure wa Hola walikuwa wakitumiwa wao wenyewe kama njia: mawasiliano ya watu wengine yanapitishwa kwenye vifaa vyao, na nafasi hiyo inauzwa kwa makampuni. Sasa nenda kaangalie simu za vijana wa Mbagala uone zina VPN ngapi za bure zenye picha ya ngao, umeme au sungura, ambazo hakuna anayejua zimetengenezwa na nani. Serikali ikizuia mtandao mmoja, watu milioni wanakimbilia kukabidhi kila kitu chao kwa mtu wasiyemjua. Hiyo hasara siisikii ikitajwa bungeni.

Dada yangu angalau anatumia VPN ya bure ya Proton, ambayo inakuchagulia nchi yenyewe. Mara nyingi inamwangusha Uholanzi, basi akiingia YouTube anatangaziwa vitu kwa Kiholanzi. Akitaka kuangalia salio la benki lazima aizime, kwa sababu programu ya benki yake ikiona mteja wa Mbagala anaingia kutokea Ulaya inamtilia shaka. Anaizima, anaangalia salio, anaiwasha tena, anasoma X. Na bando lake linakwenda kasi kuliko zamani.

Tuje Dubai. Ukuta wa hapa una mambo mawili tofauti, watu wanayachanganya. La kwanza ni tovuti: ngono, kamari, dawa za kulevya, na mengine ambayo serikali hii haiyataki. Ukifungua mojawapo unakutana na ukurasa, Kiarabu na Kiingereza, unaokuambia kwamba tovuti hii imezuiwa kwa mujibu wa sera ya nchi ya usimamizi wa intaneti, na kama unaona imezuiwa kimakosa kuna mahali pa kubonyeza useme. La pili ni simu za intaneti. Huduma za kupiga simu kwa intaneti ni za mwenye leseni tu, kwa hiyo kwenye WhatsApp unaandika, unatuma picha, unatuma sauti, lakini hupigi. Badala yake tangu 2017 kuna programu zenye kibali kama Botim, ambazo mwanzoni zilikuwa na kifurushi cha dirham 50 kwa mwezi. Hapo hakuna anayejidanganya kuhusu maadili wala usalama wa taifa. Ni biashara. Mlinzi anayelipwa dirham elfu moja na kitu, mwenye watoto Mwanza, ndiye aliyekuwa analipia.

Na VPN? Sheria ya hapa inatisha kweli. Marekebisho ya 2016 yaliweka faini ya kuanzia dirham 500,000 hadi 2,000,000, na sheria mpya ya makosa ya mtandao, namba 34 ya 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022, imebaki na viwango hivyohivyo, pamoja na kifungo. Hiyo ya chini peke yake ni zaidi ya dola 130,000. Lakini ukiisoma vizuri, kosa ni kutumia anwani bandia ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa chako kwenye intaneti, kwa nia ya kutenda uhalifu au kuuficha usigundulike. VPN yenyewe haijapigwa marufuku. Mabenki na makampuni yanaitumia kila siku, na mamlaka ya mawasiliano ya hapa ilisema hivyo mwaka 2016 watu walipoingiwa na hofu. Sasa kama kumpigia mama simu ya WhatsApp kwa VPN kunahesabika uhalifu, hilo sitaki niwe mimi wa kulipeleka mahakamani tukalijue.

Kwa hiyo mimi na mama tunaongea kwa voisi. Yuko Tanga, simu yake imejaa picha za Ijumaa Kareem mpaka Botim haina pa kukaa, na kila nikimwambia afute ananiuliza kwa nini nataka afute dua. Basi ananitumia voisi ya dakika nne, nusu yake anaitikia salamu za wapita njia. Namsikiliza kwenye basi. Tumezoea. Na hapo kwenye kuzoea ndipo mabishano yangu na wenzangu wa huku yanapoanzia, kwa sababu wao wanasema ukishazoea hapa, utazoea na kule.

Sikubali.

Angalia mpangilio wa kule kwetu. Oktoba 2020, siku moja kabla ya kupiga kura, Twitter, ambayo sasa ndiyo X, na WhatsApp zilianza kukataa, na Twitter ikaendelea kusumbua muda mrefu baada ya uchaguzi kwisha. Mwaka huohuo zilitoka kanuni za maudhui mtandaoni. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ikatoa tangazo kwamba mtu au kampuni inayotumia VPN ijiorodheshe na kutoa taarifa zake, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule; asiyefanya hivyo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Nacheka kila nikiikumbuka ile ya anwani ya IP, maana kwenye VPN ya bure inabadilika kila ukiwasha. Ungejiorodhesha asubuhi na jioni.

Mei 20, 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ikadukuliwa na kuwekwa mambo ya ovyo. Jioni ileile X ikaanza kukataa. Hakukuwa na ukurasa wowote unaosema nani kaizuia. Kiduara kinazunguka tu, mtu anadhani bando limeisha, anawasha na kuzima data, anamuuliza jirani. Baadaye waziri mwenye dhamana akaeleza kwamba sababu ni X kuruhusu maudhui ya ngono, kinyume na sheria na mila zetu.

Ni kweli X inaruhusu, ilitangaza rasmi mwaka 2024. Lakini ndugu zangu, mimi naishi kwenye nchi ambayo mtu anaweza kuingia matatani kwa kumbusu mwenzake hadharani, nchi ambayo inafungia tovuti za ngono kwa maelfu na haina haya kukuambia imezifungia. Kama kuna serikali ambayo ingeifunga X kwa ajili ya ngono, ni hii. Na hapa X iko wazi. Watawala wenyewe wanaandika humo. Kwa hiyo ama Waarabu wa Ghuba wamelegea maadili kuliko sisi, ama sababu tuliyopewa siyo yenyewe. Miezi mitatu na nusu baadaye, Septemba 6, JamiiForums, jukwaa letu la mijadala mtandaoni, nayo ikasimamishiwa leseni siku 90. Ile haikuwa ngono. Hesabu mwenyewe siku 90 kutoka tarehe hiyo uone zinaruka juu ya tarehe gani.

Oktoba 29, siku ya kupiga kura, ikafika.

Kazi yangu ni mizigo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wananunua Deira na Dragon Mart, sisi tunakusanya, tunapakia kontena, linatoka Jebel Ali kwenda Dar. Kila hatua ni ujumbe: picha ya mzigo, orodha, ankara, BL (hati ya kusafirishia mzigo), mteja anathibitisha idadi ya katoni, wakala wa forodha anaomba karatasi nyingine. Siku ile ya uchaguzi intaneti ikakatika Tanzania nzima. Haikuwa tena X wala WhatsApp, ilikuwa yote. Kila ujumbe niliotuma ulibaki na tiki moja. Wakala wa Dar hapatikani, mteja hapatikani, kontena liko majini na halijui kama kuna uchaguzi. Mapema siku hiyo tuliona vipande vya habari kwamba watu wako barabarani, kisha Dar ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, kisha hakuna kitu. Simu ya kawaida mara inaingia, mara inakata, na dakika moja kutoka hapa kwenda Tanzania ina bei yake. Ofisini tulikuwa tunapokezana kupiga, kila aliyepata mtu anapewa orodha ya ndugu wa wenzake wa kuulizia. Ukiuliza "Mbagala kukoje?" unajibiwa "Tupo." Mtu hataki kusema zaidi kwenye simu.

Hapo VPN haina kazi. Mtoto wa jirani anahitaji njia ya kupita, na baba kachimba mtaro barabara nzima. Januari 2023 WhatsApp iliweka ndani yake sehemu ya kuandika anwani ya proksi, kwenye mipangilio upande wa hifadhi na data, kwa ajili ya watu wa nchi zinazoizuia. Ni kitu kizuri na watu wengi hawajawahi kukiona. Ila kinasaidia WhatsApp inapozuiwa peke yake. Nchi ikikatwa nzima unabaki na redio na uvumi, na uvumi ndio tulioambiwa unazuiwa.

Mtandao ulianza kurudi Novemba 3, siku ileile Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Dodoma. Watu wakapokea na ujumbe kwenye simu zao unaowaonya wasisambaze picha na video za kuleta taharuki. Mimi tiki zangu ziligeuka mbili moja baada ya nyingine mchana ule, na wateja wakaanza kuandika kwa pupa, wengine wakiulizia mzigo, wengine wakiniambia fulani hajaonekana tangu Jumatano.

Kuna wanaoniambia: wewe uko salama Dubai, hujui hali ilivyokuwa, amani kwanza. Siwadharau wanaosema hivyo. Baadhi yao wana watoto waliokuwa mitaani siku ile. Lakini amani gani inayohitaji mama asijue mwanawe yuko wapi kwa siku tano? Na kama tatizo ni wachochezi, wachochezi ndio wa kwanza kuwa na njia nyingine. Aliyezimika ni muuza chipsi anayelipwa kwa simu, wakala wa forodha na mimi.

Sasa upande wangu. Dubai mimi ni mgeni. Sikuzaliwa hapa, sipigi kura hapa, viza yangu iko mikononi mwa mwajiri na siku mkataba ukiisha nafunga virago. Walionipokea hawajawahi kuniahidi uhuru wa kusema. Waliniahidi mshahara, na unaingia. Nikikatazwa simu ya WhatsApp nanung'unika kama mpangaji anavyonung'unikia masharti ya nyumba, kisha natuma voisi. Kuna mambo kuhusu hapa ambayo siyaandiki kwa sababu naishi hapa, na msomaji mwenye akili ameshayaona kwa kutokuwepo kwake.

Kwetu niliahidiwa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Ana uhuru wa kufanya mawasiliano na kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Na ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Wakati wote. Imeandikwa kwa Kiswahili chepesi kiasi kwamba mama anaielewa bila mwanasheria. Kwa hiyo nikiambiwa "mbona Dubai unavumilia", jibu langu ni kwamba Dubai hawakunidai kura yangu halafu wakanizimia taa wakati wa kuihesabu. Kulinganisha ukuta wa hapa na wa kule kana kwamba ni kitu kimoja kunawapa unafuu wasiostahili. Na wale wenzangu wa huku wanaosema bora hapa nao siwaungi mkono, maana wanasahau kwamba hata wakizuiwa kila kitu kesho asubuhi hawana pa kwenda kushitaki, wakati sisi kule, kwenye karatasi angalau, tunapo.

Wakenya wametuonyesha kidogo. Serikali yao ilibana Telegram Novemba 2023 wakati wa mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, ikarudia 2024 kwa sababu hiyohiyo ya wizi wa mitihani. Mashirika ya kiraia yakaenda Mahakama Kuu, nayo Mei 2025 ikatoa amri ya muda ya kuizuia serikali kukata intaneti. Amri ya muda tu, kesi ni kesi, lakini kulikuwa na mtu wa kumshitaki, kwa sababu ilijulikana nani kaagiza nini.

Watu wa nyumbani wananiandikia kila wiki niwaambie VPN nzuri ni ipi. Kwa faragha yako, ya bure ambayo mwenye nayo hajulikani usiiweke, hiyo ndiyo nasaha yangu yote. Psiphon, programu ya kupita vizuizi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Toronto, ina miaka mingi kwenye kazi hii. Proton nayo ina jina la kupoteza. Ipakue kabla, usisubiri siku yenyewe, kwa sababu tovuti za VPN nazo huzuiwa. Na ujue kanuni ya kule inasemaje kabla hujaamua. Sitamwambia mtu avunje sheria nikiwa nimekaa mbali na polisi wake.

Lakini nikipewa nafasi ya kumwomba mkurugenzi wa TCRA kitu kimoja, sitaomba afungue kila kitu kesho, maana najua hataweza. Nitaomba ukurasa. Mtu wa Mbagala akifungua X asikute kiduara, akute maandishi: imezuiwa na nani, kwa kifungu gani, kuanzia lini mpaka lini, na pa kukatia rufaa ni wapi. Dubai wanao, kwa lugha mbili. Wa kwetu ukiandikwa Kiswahili peke yake unatosha.